Shajara ya mtaro wetu, Agosti 2023 hadi Juni 2024

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa. Kazi yenyewe haina mshahara wala ofisi. Ina kaunta buku moja, kalamu, na simu isiyonyamaza mvua ikishika. Haya yafuatayo nimeyanakili kutoka kwenye hiyo kaunta buku, nimetoa majina ya watu na ugomvi usio na faida. Ugomvi wenye faida nimeuacha. Mji sitautaja. Ni wa ukanda wa pwani ya Tanzania, tunapata vuli na masika, na bado tunazihitaji saini za wahusika.

Jumatatu, 28 Agosti 2023

Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa utabiri wa vuli: mvua za juu ya wastani, na El Niño imetajwa. Hapa kwetu ukisema El Niño, wazee wanaanza kuhesabu kutoka 1997. Mama anayechoma vitumbua karibu na kalavati ana alama ukutani kwake, imekwaruzwa kwa msumari, ya maji ya mwaka ule. Nimesimama pembeni yake: imenifika kiunoni.

Kamati tumekutana chini ya mwembe, watu saba, ajenda moja. Mtaro unaanzia upande wa shule, unapita nyuma ya soko, unafuata barabara, unaivuka kwa kalavati la bomba, kisha unateremka mtoni. Tumeupima kwa futi kamba ya fundi: mita 340. Kwenye mdomo wa kalavati nimesimamisha rula ndefu ya ubaoni niliyoazima shuleni. Tope sentimita 46. Bomba lenyewe lina upana wa sentimita 60, kwa hiyo maji yameachiwa 14.

Tumeazimia mambo matatu: kuzibua kabla ya mvua, kuzuia taka zisirudi, na kuomba kalavati kubwa zaidi. Mwenyekiti wa mtaa kaniambia, "Andika vizuri, katibu. Kisichokuwamo kwenye muhtasari hakikusemwa." Nilidhani anatania.

Jumatano, 6 Septemba

Barua yetu kwa Mkurugenzi wa halmashauri imerudi, ina muhuri wa kupokelewa na maelezo kwa wino wa bluu. Afisa mazingira akanipigia mwenyewe, ustaarabu ambao sikuutegemea: "Kaka, mtaro unaofuata barabara si wetu tena."

Kumbe tangu Julai 2017, ilipoanza kazi TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zilihamia huko, na mifereji yake pamoja nazo. Halmashauri imebaki na taka, usafi wa masoko, machinjio, makaburi, vyoo vya umma na sheria ndogo zake. Maji ya bomba na maji taka yana mamlaka yake. Mto una bodi ya maji ya bonde, nchini ziko tisa. Na ukingo wa mto, mita 60 kila upande, unalindwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoitaka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na ndiyo inayotaja kamati za mazingira mpaka ngazi ya mtaa. Yaani sisi, wa chini ya mwembe, tumo ndani ya sheria.

Nimefungua ukurasa mpya, nikauandika juu: NANI MWENYE NINI. Nikauchora mtaro kama nyoka, nikamkata vipande. Nyuma ya soko, halmashauri. Kando ya barabara pamoja na kalavati, TARURA. Kuanzia ukingo wa mto, bodi ya bonde. Nikamuuliza afisa: taka ya soko la halmashauri ikiwa imelala ndani ya mtaro wa TARURA, ni ya nani? Akacheka. "Hilo ni swali la semina."

Miaka sita tumeitukana halmashauri kwa kalavati ambalo si lake. Lakini na wao, katika mikutano yote ya miaka sita, hakuna aliyesimama akatuambia. Barua mpya imekwenda TARURA, nakala kwa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata.

Jumamosi, 30 Septemba

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, maduka yamefungwa mpaka saa nne. Bwana afya ametuazima machepe tisa, toroli mbili na mabuti jozi tano, nimesaini. Saa moja asubuhi tulikuwa 61. Saa tatu tukawa 24, na katika hao wawili walikuwa wanapiga picha.

Tumetoa chupa za maji, viroba, kandambili za mguu mmoja mmoja, nusu ya ndoo, mdoli asiye na kichwa, na pampasi. Pampasi ndizo zilizonishinda. Chupa ina mnunuzi, kuna vijana wanazipima kwa kilo. Chuma chakavu kina mnunuzi. Maganda ya mihogo yanaoza. Pampasi inafyonza maji, inavimba, inakaa mlangoni mwa kalavati kama gunia la mchanga. Mifuko ya rambo nayo bado inatoka kule chini, na marufuku ni ya tangu 1 Juni 2019.

Rula baada ya kazi: sentimita 5. Tope tumelirundika ukingoni, rundo baada ya rundo. Tipa limeahidiwa Jumatatu. Kijana mmoja wa mkokoteni alipita akauliza, "Hili mnaliweka hapa likisubiri nini?" Nikamjibu kwamba wenye kazi zao wanajua.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tipa halikuja Jumatatu ile, wala iliyofuata. Usiku wa kuamkia leo imenyesha saa moja na nusu, mvua ya kawaida tu. Rula: sentimita 39.

Tope lote limerudi lilikotoka. Kosa ni letu, na ndani ya "letu" langu ni kubwa kuliko la wengine. Nimemtafuta yule kijana wa mkokoteni, nikamwomba radhi. Akaniambia yeye alishawahi kuzibua mitaro kwa kibarua, na kwamba mtu wa kwanza kuitwa ni mwenye gari.

Jumamosi, 28 Oktoba

Gari kwanza, machepe baadaye. Kila nyumba imetoa elfu mbili, walioshindwa wametoa jasho. Tumekodi Kanta, diwani akajaza mafuta. Safari nne. Hatukuacha kitu ukingoni, hata koleo moja. Plastiki imechambuliwa kwanza, tope tupu likaenda kujaza shimo lililochimbwa zamani nyuma ya shule, bwana afya akiwa amesimama palepale na mifuko ya chokaa.

Rula: sentimita 4.

Jumatano, 8 Novemba

Sasa taka. Hapa ndipo mradi wenyewe ulipo, mtaro ni dalili tu.

Nyumba kwa nyumba, mimi na mjumbe wa kamati, siku mbili: kaya 212. Wanaolipa ada ya taka kila mwezi, 58. Ada ni 3,000, inalipwa kwa namba ya malipo au kwa mashine ya mkusanyaji, na risiti inatoka. Lori la mzabuni linapita barabara kubwa Jumanne na Ijumaa. Haliingii uchochoroni, haliwezi. Mtu wa nyumba ya ndani lazima abebe kiroba chake mita mia mbili, asubuhi, saa ambayo hajui ni saa ngapi, kwa sababu lori likija saa moja linakuja saa moja, na likija saa tisa, basi. Mtaro uko mita kumi nyuma ya jikoni kwake, na giza linaingia kila siku.

Tukakutana na mzee mstaafu, kakaa barazani na redio. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kama mmekuja kwa ajili ya pesa, mimi nalipa kwenye LUKU." Akatutolea ujumbe wa simu wa kununua umeme, makato ya 1,500 yanaonekana. Nikamweleza kwamba hiyo ni kodi ya jengo, ilipanda kutoka elfu moja mwaka huu. Ya taka ni nyingine, ya halmashauri. Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo Serikali ni ngapi?" Mjumbe wangu akawahi kuaga.

Nimefikiria swali lake njia nzima. Mzee hakatai kulipa. Anachotaka ni kwamba akishalipa, kitu kitoke mlangoni kwake.

Kikundi cha vijana wanane kiko tayari kupita nyumba kwa nyumba na guta, wapeleke mpaka barabarani lori lilipo. Guta hawana. Zamani tungewapeleka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya vijana, nne ya wanawake, mbili ya watu wenye ulemavu, lakini mikopo hiyo imesimamishwa tangu Aprili. Kwa sasa muuza maji wa mtaani amekubali kuwaazima guta lake Jumanne na Ijumaa mpaka saa tano, kwa sharti lioshwe kabla ya kupakia madumu. Kwa sabuni, amesisitiza.

Jumapili, 19 Novemba, imeandikwa alfajiri

Wazo la wavu lilikuwa langu. Fundi alichomelea nondo za milimita 12, nafasi ya vidole vinne kati ya nondo na nondo, tukaupachika kwenye mdomo wa kalavati wiki iliyopita ili taka zisiingie kwenye bomba. Fundi alisema, "Nani atakuwa anautoa uchafu hapa mvua ikinyesha?" Nikasema tutapanga zamu.

Mvua ilianza saa nne usiku. Saa sita mama wa vitumbua ananipigia: maji yamepanda barabarani, yanaelekea nyumba za bondeni. Nimefika na tochi ya simu mdomoni. Wavu umefanya kazi yake sawasawa: umekamata kila kitu. Majani ya migomba, viroba, pampasi, godoro la mtoto, vyote vimejisuka kwenye nondo, hakuna tone linalopita, na nyuma yake maji yamesimama kifuani. Wa zamu wa kwanza hapokei simu. Wa zamu wa pili alikuwa mimi.

Tulishuka wanne na mtaimbo mmoja, kamba ya katani kiunoni, watu barabarani wameishika. Unaingiza mtaimbo chini ya wavu, maji yanakusukuma uso kwa uso na ule uchafu. Mara ya tatu kona moja ikaachia, na mara hiyohiyo mkondo ukauvuta wavu wote pembeni, maji yakanguruma kuingia kwenye bomba. Nilisikia ukelele wa shangwe kutoka juu, kisha kicheko, kwa sababu nilikuwa nimepoteza buti.

Nyumba nne ziliingiwa na maji, katika moja yaliharibu gunia la mchele na godoro. Hakuna aliyeumia. Wavu utarudishwa kwa fundi, aukate afanye fremu za kuwekea viroba, sita, ziwekwe sokoni.

Jumatatu, 4 Desemba

Jana tope limeporomoka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Makumi ya watu wamefariki. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kikao. Tumeahirisha.

Ijumaa, 19 Januari 2024

Guta linaendelea vizuri kuliko nilivyothubutu kuandika. Wanaolipa wamefika 131. Kilichobadilisha ni filimbi. Kijana wa mbele anapuliza filimbi mara mbili mwanzo wa uchochoro, mama anatoka na ndoo, anamwaga, anarudi jikoni kabla chai haijachemka. Mzee wa LUKU analipa. Analipa akilalamika, lakini risiti zake kazichoma kwenye msumari kwa tarehe.

Lori ndilo linalotusumbua. Jumanne mbili halikutokea, na taka za guta zikalala kwenye kizimba kando ya soko, zikafurika, mbwa wakamaliza kazi. Nilimpigia mzabuni: gari bovu. Nikaenda halmashauri. Huko nikaonyeshwa mkataba, unamtaka awe na gari la akiba. Nikauliza nani anamkagua. Nikaambiwa mkaguzi ni bwana afya wa kata, na bwana afya wa kata tunamjua sote: mtu mmoja, pikipiki moja, na ana machinjio, mama lishe, vyoo vya shule na sasa tahadhari ya kipindupindu. Simlaumu. Ila mkataba mzuri bila mtu wa kuusimamia ni karatasi ya kufungia karanga.

Tumekubaliana hivi: vijana wa guta wajaze fomu kila Jumanne na Ijumaa, lori limekuja au halikuja, saa ngapi, picha moja. Fomu zinakwenda kwa bwana afya mwisho wa mwezi, na yeye ndizo anaambatisha kabla ya mzabuni kulipwa.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeingia kwenye Baraza la Madiwani kwa mara ya kwanza maishani. Sikujua kwamba mwananchi anaruhusiwa. Unajiandikisha mlangoni, unakaa nyuma, unanyamaza.

Njia ambayo mtaro wetu umepita mpaka kufika pale ni hii: mkutano wa mtaa, muhtasari, Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, muhtasari, wataalamu wa halmashauri, maoni, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, muhtasari, Baraza. Kila ngazi inasoma ya chini yake. Pale kata niligundua kwamba azimio letu la tatu, la kalavati, lilikuwa limeandikwa "kuboresha miundombinu". Maneno mawili, na kalavati letu halimo ndani yake. Nilimwomba mtendaji wa kata aandike upya: kalavati, mahali lilipo, upana wa sasa, upana unaoombwa, vipimo vya rula kwa tarehe. Akaandika, na akaniambia kwa upole kwamba ni mara ya kwanza anapokea vipimo kutoka mtaani.

Barazani, bajeti ya 2024/25 ikiwa mezani, diwani wetu alisimama na kuvisoma: 46, 5, 39, 4. Watu wakacheka kwenye 39. Meneja wa TARURA wa wilaya, aliyekuwa amealikwa, akasema wataalamu wake watakuja kupima. Dakika nne kwa jumla. Kabla ya hapo walijadili posho na maegesho kwa saa nzima, lakini nimeahidi kuacha ugomvi usio na faida.

Jumanne, 5 Machi

Wahandisi wawili wa TARURA wamekuja, kwa chombo cha miguu mitatu na kijana mwenye fimbo ya rangi. Wamekaa saa mbili. Waliondoka wakisema bomba halitoshi hata likiwa safi, panahitajika kalavati la boksi, na kwamba sehemu ya maji yanayokuja ni ya mtaa wa juu, kulikopigwa sakafu nyua zote. Hilo la nyua hatukulifikiria kabisa. Zamani maji ya kule yalizama ardhini.

Machi na Aprili

Mfungo, kisha Sikukuu. Taka za jioni zimeongezeka: maganda ya mihogo, ya magimbi, maboga. Makusanyo ya ada yameshuka, 117. Vijana wameanza kutenga maganda, mfugaji wa nguruwe wa ng'ambo ya mto anayafuata mwenyewe. Majirani wengine wananung'unika kuhusu huyo mfugaji, hilo nimeliacha kwa mwenyekiti.

Zizi lake lipo ndani ya mita 60. Nalo nimemwachia mwenyekiti.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kilitangazwa siku kadhaa kabla, na mara hii watu walisikia. Ijumaa jioni vijana wa guta walipita bila kuitwa, wakamaliza kizimba chote. Juzi na jana upepo na mvua. Maji yalifika ukingo wa barabara, yakasimama hapo kama dakika arobaini, yakashuka. Nyumba za bondeni: moja imeingiwa, kwa paa, si kwa mtaro. Mama wa vitumbua alikuwa na rula usiku kucha, ananitumia namba kwa simu kila nusu saa kama karani wa bandarini.

Rula leo asubuhi: sentimita 17, mchanga mtupu wa kutoka juu. Pampasi mbili.

Jumapili, 30 Juni 2024

Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha leo, nami nafunga kurasa hizi.

Mtaro: umezibuliwa tena tarehe 25 Mei, gari likiwa limetangulia. Rula leo, sentimita 8. Kaya zinazolipa: 140. Fomu za lori: kati ya siku 40 zilizojazwa, halikuja siku 7, nyingi za mwanzoni. Kalavati la boksi: limeandikwa kwenye mpango, fedha hazijatajwa. Nimepewa nakala ya ukurasa wenyewe, nimeubandika kwenye kaunta buku kwa gundi. Mikopo ya vijana inasemwa itarudi. Kikundi kimeanza kuandaa katiba na akaunti ya benki ili wasikutwe mikono mitupu.

Guta bado ni la kuazima, na bado linaoshwa kwa sabuni.

Rula tumeirudisha shuleni, tukanunua nyingine. Inakaa kwa mama wa vitumbua, imening'inizwa kando ya ile alama ya 1997.